Tangu Aje Sugeng

Programu ilikufa tena saa moja asubuhi, siku ya nne mfululizo, na lango la kiwanda likagoma kufunguka. Nje wafanyakazi mia tatu wakaanza kulalama. Tiur Simanjuntak hakuitazama hata skrini. Alimtazama Sugeng.

Sugeng aliajiriwa Jumatatu, kutoka kisiwa cha Java. Programu ilianza kufa Jumatatu. Hapo Medan, kisiwa kingine, wafanyakazi wote wa ofisi na kiwanda walikuwa Wabatak, na kabla hujapewa kahawa umeshaulizwa ukoo wako, ijulikane kama wewe ni shemeji au mjomba. Huyu, kwa kuwa ni Mjava, hawakumuuliza; waliishia kumwita Mas, yaani kaka kwa Kijava, wakampa meza ya kona.

"Mas, umegusa nini humu?"

"Sijagusa kitu, Kak. Hata nywila sijapewa," akasema Sugeng, akimwita dada kwa heshima.

Jibu lilitoka upesi mno, na Tiur hakulipenda. Programu hiyo aliiandika mwenyewe kwa lugha ya C, miaka sita iliyopita. Kila asubuhi ilisoma orodha ya wafanyakazi wote, wa kiwandani na wa ofisini, ikamtia kila mmoja kwenye kisanduku chake katika kumbukumbu ya kompyuta, kwa hesabu ya herufi za jina la ukoo, kisha ikafungua lango. Miaka sita haikuwahi hata kukohoa. Sasa ilisoma karibu orodha yote, ikagusa kumbukumbu isiyo yake, ikazimika.

Alipekua rekodi zote za mashine asione alama ya mkono wa Sugeng. Mjanja huyu, anafuta nyayo, akawaza. Akaijaribu kwa orodha ya mwaka jana, ikaenda bila tatizo. Basi uchafu umeingia wiki hii, na wiki hii mgeni ni mmoja tu. Mistari yake mwenyewe hakuisoma. Aisome ya nini?

Adhuhuri bosi wao, Pak Hutapea, aliingia akitota jasho.

"Ito," akasema, kwa neno la Wabatak la kumwita dada, "wenye kiwanda wamenitukana mpaka basi. Aliyeiharibu programu anaondoka leo, awe nani awe nani. Ni nani?"

"Sugeng."

"Una hakika?"

"Kama ninavyojijua."

Pak Hutapea akatia saini barua ya kumwachisha mtu kazi, nafasi ya jina ikiwa wazi. "Jaza wewe, umpe."

Tiur akaenda nayo kwenye meza ya kona. Sugeng aliisoma mara mbili.

"Mke wangu hata mizigo hajafungua, Kak."

Tiur alimwonea huruma kidogo, akaimeza. "Nipe jina kamili."

"Sugeng."

"Na la ukoo?"

"Sina. Hata baba hana. Kwetu wengi tuna jina moja, linatosha."

Kalamu ilisimama. Tiur akavuta kompyuta, akafungua orodha ya wiki hii, akashuka hadi jina la mwisho. Sugeng. Mbele yake, palipotakiwa ukoo, palikuwa patupu.

Herufi sifuri, kisanduku hakipo: programu yake haikuwahi kufundishwa jina lisilo na ukoo. Kisha akaivuta ile barua, na kwenye nafasi ya jina akaandika: Tiur Simanjuntak.