Jaketi la Njano

Asubuhi ya kwanza ya likizo, Nyamizi alitaka wabaki ndani ya kile kijumba cha kupanga, madirisha yamefungwa, ziwa lisionekane. Mumewe ndiye aliyemsihi washuke ziwani.

"Tupige makasia kidogo tu," alisema, "kama mwaka jana."

Mzee Masalu, mtunza mitumbwi, aliwatambua kwa mbali. "Mama Limi! Karibuni tena!"

Tangu mazishi, hakuna mtu aliyethubutu kumwita hivyo.

Mzee akaingia bandani, akatoka na majaketi matatu ya kuokolea, mawili makubwa na moja dogo la njano.

"Hili nililificha, wageni wengine wasilivae. Si alilia siku ile mnaondoka, akitaka kwenda nalo? Yuko wapi mjukuu wangu?"

Mume akainama, akaokota makasia.

"Anakuja," Nyamizi akajibu.

Akalipokea lile dogo, akaliketisha kwenye ubao wa katikati wa mtumbwi, akalifunga mikanda na kuikaza. Walipofika kwenye kina, mawimbi yakaanza kuupiga mtumbwi ubavuni.

"Polepole, Baba Limi," alisema. "Unamrushia maji."

Baba Limi akalitazama lile jaketi, akapunguza mwendo.