Kifungu cha Tisa

Mwanaidi aliusoma mkataba mpya wa pango mara ya tatu, na kila alipofika kifungu cha tisa alisimama, akairudia. Kilisema kwamba mpangaji akihama, chochote kilichofungwa sakafuni kitabaki kuwa mali ya mwenye nyumba. Mashine yake ya kusaga nafaka ilikuwa imefungwa kwa nati nne kwenye saruji.

"Tia sahihi, dada," alisema Mzee Sefu, mwenye nyumba. "Wanaoitaka fremu hii ya biashara ni wengi."

Akifukuzwa leo, atakwenda wapi? Hata hivyo aliinama, akakikata kifungu kile kwa mstari mmoja, ndipo akatia sahihi.

"Mashine ni yangu, mzee," alisema. "Nikihama, nahama nayo."

Mzee Sefu aliichukua karatasi, akaenda kuisoma mlangoni penye mwanga, akampa mgongo. Nje walisimama wanawake wawili na ndoo zao za mahindi. Walikuwa wakiongea, lakini walipomtazama mzee usoni wakanyamaza ghafla. Mwanaidi alitafuta jibu machoni mwao. Mmoja akaitua ndoo yake chini, taratibu, kama asiyejua tena iwapo leo atasagiwa.