Kamba ya Fundi Kima

Zamani wanyama walipokuwa wakifanya kazi za watu, Nyani na Kima walikuwa wakataji wa miti. Kila mtu alimwita Kima "fundi", naye Nyani akaitwa tu "yule mwenzake". Jambo hilo lilimkereketa Nyani hata akiwa katikati ya sala.

Desturi yao ilikuwa kila mmoja akague kamba ya mwenzake kabla ya kupanda. Siku ya kuangusha mvule mkubwa, Nyani aliona kamba ya Kima imetafunwa na panya, zimebaki nyuzi mbili. Wivu ukamshika.

"Nzima kabisa, fundi," akasema. "Wewe panda tu."

"Yako ndiyo imechakaa, ndugu yangu," Kima akajibu. "Kitambi hicho itakibeba wapi? Leo panda na yangu, mimi nitabaki chini."

Akamfunga kiunoni, akamvisha na kofia ngumu. Nyani akatazama juu, kisha akapiga magoti.

"Mungu anisamehe, nawe unisamehe. Kamba imeliwa. Niliiona nikakudanganya, kwa wivu."

Kima akaifungua ile kamba.

"Basi leo hapandi mtu. Kaa hapa tusokote mpya."

Tangu siku hiyo, Nyani hasemi kamba ya Kima ni nzima kabla hajaning'inia nayo mwenyewe.