Turubai Lisilovuta Radi

"WAKAZI WOTE WA KAMBI WANAARIFIWA KWAMBA MATURUBAI YA BULUU WALIYOGAWIWA HAYAVUTI RADI."

Tangazo hilo lilitoka Jumatatu moja ya Novemba 1995, katika gazeti la kambi ya wakimbizi wilayani Ngara, ukurasa wa nne, mistari minne chini ya makala ya funza. Mwandishi wa safu ya sayansi, Haji Makame, alikuwa amelihakiki kwa fundi wa jenereta na katika vitabu viwili vya fizikia. Halikuwa na kosa hata la mkato.

Kufikia Alhamisi, vibanda mia mbili vilikuwa vimevuliwa maturubai. Mvua ilinyesha bila upendeleo. Watoto walikohoa, na maharage yaliota ndani ya magunia.

Mkuu wa kambi, Bwana Ndassa, alimwita Haji ofisini.

"Umekanusha vizuri, na bado wanavua," alisema. "Niletee mtu aliyeanzisha uvumi huu kabla ya Jumamosi. Usipomleta, safu yako naifunga. Nafasi hiyo nitawapa watu wa mpira."

Haji hakuiogopa radi. Watu wa mpira aliwaogopa. Hata hivyo alijipongeza kimoyomoyo, kwa kuwa alikuwa ameukanusha uvumi huo kabla haujamfikia mtu yeyote anayemfahamu.

Alianza na Hategekimana, aliyekuwa juu ya kibanda chake akifungua kamba.

"Nani amekuambia turubai linavuta radi?"

"Wote wanasema."

"Wote ni nani?"

"Bwana mwandishi, radi ikinipiga nitakufa peke yangu, sitakufa na wote. Mimi nilisikia kwa Niragira. Shika basi hiyo kamba."

Haji akaishika. Turubai likashuka vizuri.

Niragira alikuwa ndani ya kibanda chake, akifunika kioo chake kwa kanga, kwani ubaya wa vioo wakati wa mvua ulijulikana tangu zamani. Yeye alisikia bombani. Huko bombani, wanawake kumi na mmoja, wakihojiwa mmoja mmoja, walimtaja mtu yuleyule: Mama Anjelika, aliyekuwa mwalimu huko kwao Burundi, na ambaye huwasomea gazeti wakiwa kwenye foleni ya maji.

Haji alimkuta ameketi juu ya jiwe katika manyunyu, kichwa wazi. Turubai lake lilikuwa limekunjwa kwa unadhifu na kuwekwa mlangoni kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelowa."

"Ni wewe uliyewaambia watu habari za turubai na radi?"

"Mimi nimewasomea tu. Huwa siongezi neno."

"Umesoma wapi?"

Mama Anjelika akachomoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kitenge chake, akaikunjua gotini. Ulikuwa ukurasa wa nne.

"Mama, hapa imeandikwa *hayavuti*!"

"Nimeona. Nimefundisha miaka thelathini, nasoma bila kusaidiwa." Akaukunja tena. "Mwaka mzima nimelala chini ya plastiki hii, radi ikipasua miti kule mlimani, nisiwaze lolote. Halafu siku moja mnaamka ofisini, mnakanusha kwa herufi kubwa. Hebu niambie, mwanangu: nani alikuwa ameuliza?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Makala ya funza yalikuwa yamepungukiwa mistari minne ya kujaza ukurasa.

Taarifa yake aliiandika kwa ukweli wote, akataja jina la mwanzilishi wa uvumi pamoja na safu yake. Bwana Ndassa aliisoma mara mbili, akapiga mhuri. Saa kumi jioni ofisi ilitoa uamuzi: safu ya sayansi itaendelea, na ili kuzuia yaliyotokea yasitokee tena, toleo lijalo litakanusha mapema kwamba masufuria nayo hayavuti radi.