Mtihani wa Chini ya Daraja

Usijifanye hukuona. Daraja letu lilipoanguka na watu, wewe uligeuza uso. Mwanaidi hakuweza, mama yake alikuwa anavuka.

Leo anachagua chuo cha uhandisi. Cha kwanza kilimwonyesha sakafu za marumaru. Hapa kwenye cha pili, wanafunzi wamesimama chini ya daraja walilojenga wenyewe, na lori la kokoto linanguruma juu ya vichwa vyao. Mwanaidi akasogea ukingoni.

“Ndio mtihani wetu, binti,” mwalimu akasema. “Anayeogopa kusimama, kafeli.”

“Na waliojenga la kwetu?”

“Hao walisimama kwenye picha ya uzinduzi.”

“Basi chuo nimepata.”

Akavua viatu, akashuka, akainua uso. Vumbi likamdondokea, hakupepesa macho. Nawe shuka, usimame naye sasa hivi. Lori linarudi.