Miguuni mwa Daktari

Mpumbavu wa siku ile alikuwa fundi breki. Msimtafute mwingine, mwenyewe amekwisha kubali, tena mbele ya mashahidi waliolowa.

Alifika ziwani asubuhi na mapema, akavaa kofia ya kuogelea, akaivua, akaivaa tena. Hakukaa. Alizunguka ufukweni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikuwa na sababu: mshindi wa siku hiyo, awe mwanamume au mwanamke, angepata nafasi ya mwisho kwenye timu ya taifa ya kuogelea, na kwa umri wake mlango huo usingefunguliwa tena.

Kufika hapo hakukuwa lelemama. Shuleni, mwalimu wa michezo aliitazama miguu yake mirefu akasema, "Wewe uwanjani, ukakimbie. Maji tuwaachie wazungu. Sisi mifupa yetu mizito." Akakimbia, akawa wa mwisho, na kila jioni akatorokea ziwani, ambako mjomba wake, dereva wa tingatinga, alimfundisha kuogelea. Sasa mji mzima hakuna aliyempita majini. Hata binti msusi, aliyemkaribia kuliko wote, alikuwa amezoea kumeza mapovu yake.

Kisha akatokea daktari wa meno.

Alikuwa mzungu, mrefu, amehamia mjini mwaka huo. Wagonjwa wake ndio waliomwandikisha, wakishangilia, kabla hajamaliza kuuliza ni mashindano gani. Alikuja na taulo begani, maneno machache.

"Basi tena," mtu akasema nyuma ya fundi. "Hao huzaliwa wanaogelea."

Fundi akacheka. 

Akaanza kumchunguza mgeni huyo. Watu walipomsukuma Daktari mstari wa mbele, alisema, "Hapana jamani, huku nyuma kunanitosha." Fundi akajisemea: ndio hao, mabingwa hawana makuu. Daktari akauliza kina cha maji kwenye boya la pili. Huyo anapiga hesabu! Daktari akalitazama boti la uokoaji, akatazama maboya, akarudisha macho kwenye boti. Anasoma upepo! Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka. Bila shaka kwao ndivyo wanavyolegeza misuli. Fundi naye akavitetemesha vyake.

Mjomba akamshika bega. "Mpwa wangu, mbona hutulii? Umelala juu ya siafu?"

"Umemwona yule?"

"Nimemwona. Ana meno mazuri. Wewe ogelea maji yako."

"Nitakaa miguuni mwake. Yeye anapasua maji, mimi napita kwenye mkondo wake. Mwishoni nachomoka, nampita."

"Na asipoijua njia?"

"Mjomba! Mzungu?"

Filimbi ikalia.

Daktari alitoka nyuma kwa kasi ya kutisha, kama mtu anayetaka jambo liishe. Fundi akamng'ang'ania visigino. Siku zote fundi aliogelea kama breki iliyotengenezwa vizuri: husikii kitu, unaona tu kazi imefanyika. Leo akauona uogeleaji wake mwenyewe kuwa wa kishamba. Daktari alikuwa ameinua kichwa chote nje ya maji, akipiga mikono mifupi mifupi, upesi upesi, maji yakiruka kila upande. Mtindo mpya! Fundi naye akainua kichwa. Shingo ikauma, kiuno kikazama, pumzi zikawa za kukopa. Akajipa moyo kwamba kila kipya lazima kiume kwanza.

Kabla ya boya la pili, Daktari akakata kulia. Fundi akakata kulia.

"Fundi!" Binti msusi alikuwa akimpita kwa kushoto. "Boya liko huku! Au unakwenda kung'oa jino?"

Akamhurumia. Mtoto wa watu, hajui siri za maji. Akaendelea kumfuata Daktari, mara huku mara kule, mpaka kwenye boti la uokoaji. Daktari akashika ukingo wake kwa mikono miwili. Fundi akafikiri haraka haraka: kumbe na boti nalo ni la kuzungukwa! Akaushika ukingo, akaugonga mara mbili ili mwamuzi aone vizuri, akageuka aendelee na safari.

"Wewe, rudi hapa," mwamuzi akasema kutoka botini. "Sheria unaijua. Aliyeshika boti amejitoa."

Fundi akageuza shingo. Kule mbali binti msusi alikuwa analizunguka boya la mwisho, peke yake, mbele yake maji matupu. Nafasi ilikuwa inaondoka naye.

Wakapandishwa wote wawili, wakatupiwa mataulo. Fundi hakukaa hata kidogo. Alisimama mpaka boti likayumba, akamnyooshea Daktari kidole.

"Umefanya makusudi! Ulijua nitakushinda, ukanipoteza njia! Maisha yangu yote naambiwa maji si yetu, leo nimebakiza hatua moja, unaniletea hila!"

"Kaa chini, utatupindua," mwamuzi akasema.

"Sikai! Aniambie kwanza. Bingwa mzima! Kichwa kile juu, mikono ile, kona ile ya kulia, ni mbinu gani hiyo? Mnafundishwa wapi?"

Daktari alikuwa bado ameng'ang'ania ukingo wa boti. Akakohoa, akavuta pumzi, akamtazama fundi kwa mshangao wa kweli.

"Ndugu yangu, mimi nilikuwa nazama. Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"