Mia Mbili Tisini na Nane

“Mia tatu ishirini na moja,” alisema Bi Sweta, akaweka kalamu mezani kama mtu aliyeshinda kesi.

Bwana Feni alipiga hesabu pembeni mwa gazeti, polepole, makusudi. Kisha akacheka hadi miwani ikamshuka puani.

“Dada yangu, hapo tutakauka kama pilipili. Umesahau kutoa thelathini na mbili.”

Basi siku hiyo rimoti ikawa ya Bwana Feni, na Bi Sweta akashinda amejikunyata, vifungo vyote vimefungwa mpaka kidevuni, meno yakigongana.

Walikuwa wasahihishaji wa vitabu vya shule, chumba kimoja, meza zikitazamana, kiyoyozi kimoja juu ya mlango. Majina yao walipewa na wenzao wa ofisini, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Rimoti ya kiyoyozi haikujua kipimo kingine ila Farenhaiti. Mmoja alitaka themanini na sita, mwingine sitini na nane. Hata tarakimu zenyewe zilikuwa zimepeana mgongo.

Kiyoyozi cha zamani kilikufa katikati ya ugomvi wao, kwa kubonyezwabonyezwa. Fundi alikuja na kipya, akakitundika, akakiwasha, simu yake ikaita, akakusanya vyombo vyake.

“Kinapuliza,” alisema, akimkabidhi Mhariri Mkuu rimoti. “Madogomadogo yaliyobaki nitakuja kumalizia.”

Fundi ni fundi. Hakuna aliyekaa kumsubiri.

Vita vikaanza upya kabla vumbi la ukutani halijatulia. Ndipo Mhariri Mkuu, mama asiyependa kurudia neno, alipowaingilia na mswada wa fizikia waliokuwa wakiusahihisha.

“Sura ya joto mmeisoma?”

“Tumeisoma, mama.”

“Vizuri. Kuanzia leo, anayetaka joto lake alitaje kwa Kelvini, na mwenzake aligeuze kuwa Farenhaiti. Hesabu ikiwa sawa, rimoti ibonyezwe. Anayekosea, siku nzima ni ya mwenzake. Na nikisikia kelele tena humu, mmoja wenu anahamia ghalani.”

Bi Sweta aliogopa kwelikweli. Kifua chake na vumbi ni paka na panya. Alipokwenda ghalani mara ya mwisho kutafuta kitabu kimoja tu, alirudi anapumua kwa filimbi. Kugombana hawezi tena, na hesabu aliachana nazo tangu shule, kwa talaka tatu.

Baada ya lile kosa la mia tatu ishirini na moja, akajifunza hivyo hivyo. Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa, jumlisha mia mbili sabini na tatu. Vipande vya desimali aliwaachia wenye maabara. Aliimba hesabu hiyo akiosha vyombo mpaka dada yake akamwuliza anamroga nani.

“Mia tatu na tatu,” alisema asubuhi moja, bila hata kukaa.

Bwana Feni alipiga hesabu. Akairudia. Akachukua rimoti na kubonyeza themanini na sita.

Kumbe raha ipo duniani. Bi Sweta alihisi uvuguvugu ukimshukia mabegani kama blanketi, akavua sweta mbele za watu kwa mara ya kwanza. Upande wa pili, shati la Bwana Feni lilikuwa limeganda mgongoni. Jasho lilimdondoka juu ya mswada wa kemia likafuta mstari mzima wa tindikali. Hakulalamika, maana ghala naye alikuwa akiliona usingizini.

Mtu akitokwa na jasho mbele ya macho yako kutwa nzima, huruma inakuingia upende usipende. Jioni Bi Sweta alimsogezea glasi ya maji.

“Kaka, hivi tutauana. Tukutane njiani. Katikati ya sitini na nane na themanini na sita ni ngapi?”

“Sabini na saba.”

“Kwa Kelvini?”

Wakainama wote wawili, wakaandika, wakainua vichwa pamoja.

“Mia mbili tisini na nane.”

Tangu hapo chumba kikatulia kama maji mtungini. Sweta likahamia mgongoni mwa kiti, na gazeti la Bwana Feni likaacha kupepea, likaanza kusomwa. Kila mgeni aliyeingia alielezwa kwamba hapo ndipo joto la mwanadamu lilipo, lisizidi wala lisipungue. Hata fundi cherehani mwenye duka chini ya dirisha lao, aliyezoea kupanda ngazi kulalamikia maji ya kiyoyozi yanayodondokea vitambaa vyake, alimsimamisha Bi Sweta mlangoni.

“Siku hizi mmekuwa waungwana, dada. Hata tone silioni.”

Bi Sweta aliipokea kuwa ni baraka ya maelewano.

Mhariri Mkuu naye akaja kusimama kati ya meza zao, mikono kiunoni, akitabasamu.

“Ghalani nitapeleka meza mbovu. Nyinyi kaeni hapa hapa. Na hilo joto lenu asiliguse mtu.”

Kabla hawajamshukuru, mlango ulisukumwa na boksi kubwa la kadibodi. Nyuma ya boksi alikuwapo fundi, akihema.

“Samahanini wakubwa, nimewachelewesha,” alisema, akilitua sakafuni. “Hii ndiyo mashine yenyewe, ile ya kufungwa nje, inayoleta baridi. Hicho cha juu ya mlango, bila hii, ni feni tu, hata mbonyeze rimoti mpaka vidole viote sugu.”

Bi Sweta alimtazama Bwana Feni. Bwana Feni alimtazama Bi Sweta. Safari hii hakuna aliyehitaji kalamu.

“Irudishe,” wakasema kwa pamoja.